Red Foley, bwana wa jukwaa la Jumamosi usiku



Miezi michache nyuma niliandika katika safu hii juu ya marehemu mpiga fidla mmoja wa hapa mjini, mtu aliyepiga kwenye harusi zetu nyingi. Nilimsifu, na alistahili sifa. Siku ya pili yake nikapata ujumbe wa mama mmoja. Hakunitukana. Alitaka tu kujua kwa nini mke wa huyo bwana, aliyekuwa akiamka saa kumi za usiku kukaanga mahamri ya kuuza ili watoto waende skuli, hakuwamo hata kwa neno moja katika habari yangu. Nilikaa na simu mkononi nisijue la kumjibu. Yule mke nilimjua vizuri, na mahamri yake nimeyala. Nilimwacha nje kwa kuwa kumtia ndani kungenilazimu niseme na mengine, na sisi tumelelewa tuyataje mema ya maiti wetu, yaliyobaki tumwachie Mola.

Leo nataka kujaribu tena, na safari hii nimemchagua mtu ambaye hakuna kati yetu aliyefika mazishini kwake. Jina lake ni Red Foley, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1968, kabla sijazaliwa.

Huenda humjui. Lakini kama umekulia Kenya, Jim Reeves wamjua, hata kama hujapata kuona picha yake. Sijui ni uchawi gani uliotupata Wakenya na muziki wa kantri. Bara ndio usiseme, lakini na huku pwani wapo, kimyakimya. Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi akipiga besi katika vikundi vya taarab. Mabaharia walimletea kaseti. Moja ilikuwa haina karatasi wala jalada, imeandikwa kwa kalamu ya wino neno moja tu, Kantri. Humo ndani kulikuwa na wimbo wa mwanamume mwenye sauti nzito, tulivu, akimlilia mbwa wake. Mjomba alikuwa mtu wa swala tano, mbwa akipita uchochoroni kwetu Kibokoni yeye hukunja kanzu. Lakini wimbo ule ukifika mahali pake alikuwa akigeuza uso kutazama ukutani. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka kwa siri.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa wimbo ule unaitwa Old Shep, na kwamba aliyeutunga na kuuimba ni huyu Foley.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Clyde Julian Foley. Alizaliwa tarehe 17 Juni 1910 huko Blue Lick, jimbo la Kentucky, akakulia karibu na mji mdogo wa Berea ambako baba yake alikuwa na duka. Red walimpa kwa ajili ya nywele zake nyekundu. Gitaa alianza kulichezea akiwa mtoto. Alipelekwa chuo cha Georgetown kule kule Kentucky, lakini hakukaa sana. Watu wa redio ya WLS ya Chicago walimsikia wakamchukua, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana huyu wa shamba akajikuta katika jiji kubwa, akiimba na kundi la Cumberland Ridge Runners kwenye kipindi kilichoitwa National Barn Dance.

Hapa nisimame kidogo, maana bila ya kujua kipindi hicho huwezi kuelewa kilichokuja baadaye. Barn Dance maana yake ni ngoma ya ghalani. Wakulima wa Marekani walikuwa wakimaliza mavuno husafisha ghala, mtu akaja na fidla, mwingine na banjo, watu wakacheza hadi alfajiri. WLS ilichukua ile ngoma ikaitia ndani ya redio kila Jumamosi usiku: nyimbo, vichekesho, nyimbo za kanisani, tangazo la mbegu au la sabuni, kisha nyimbo tena. Watu waliokuwa wamehamia mijini kutafuta kazi walisikia nyumbani kwao. Anayejua jinsi redio ya Sauti ya Mvita ilivyokuwa kwa wazee wetu hatahitaji kuelezwa zaidi.

Foley alikuwa amemwoa msichana wa Kentucky, Pauline Cox. Mwaka wa 1933 Pauline alifariki akijifungua. Mtoto, Betty, alipona. Kijana wa miaka 22 akabaki na kitoto kichanga mikononi, katika jiji la ugenini, na Jumamosi ikifika anatakiwa asimame mbele ya maikrofoni acheke na watu.

Katika jiji hilo hilo la Chicago, mwaka mmoja tu kabla, mwanamuziki mweusi aitwaye Thomas A. Dorsey alikuwa amefiwa na mkewe Nettie kwa kujifungua vile vile, na mtoto naye hakuishi. Dorsey alikuwa mpiga piano wa blues aliyegeukia nyimbo za dini, na msiba ule ulimtoa wimbo unaoimbwa mpaka leo katika makanisa ya dunia nzima, hata ya hapa Mombasa. Sina habari kuwa wawili hawa walikutana siku zile. Chicago ya wakati huo mweusi alikuwa na mtaa wake na mweupe wake. Lakini shikilia jina la Dorsey, tutalirudia.

Mwaka ule ule wa 1933 Foley alioa tena. Huyu ndiye Eva, na kwa ajili yake ndiyo nimechukua kalamu.

Eva Overstake hakuwa mke wa kuokotwa jikoni. Alikuwa mwimbaji pale pale WLS kabla ya ndoa. Yeye na dada zake wawili, Evelyn na Lucille, walikuwa na kundi lao, Three Little Maids, na walikuwa wakipendwa. Lucille baadaye alijiita Jenny Lou Carson akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kupata jina kubwa kwa kutunga nyimbo za kantri. Wimbo wake Jealous Heart umeimbwa na watu chungu nzima. Eva mwenyewe alikuwa akitumia jina la Judy Martin jukwaani. Aliolewa akiwa msichana mdogo, akamkuta Betty bado ananyonya chupa, akamlea. Akazaa wake watatu: Shirley, Julie na Jenny. Aliendelea kuimba, mara peke yake, mara na mumewe, lakini mwenye kulea mabinti wanne na mume wa safari za kila wiki, uimbaji wake huwa wa vipande vipande. Wanawake wanaosoma hapa wanajua nisemalo.

Nyota ya Foley ilipanda haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa na nafasi kwenye kipindi cha redio cha taifa kiitwacho Avalon Time pamoja na mchekeshaji Red Skelton, Red wawili katika studio moja. Wakati wa vita kuu ya pili alitoa Smoke on the Water, wimbo wa kuwatishia maadui wa Marekani, ambao mwaka wa 1944 ulikaa juu ya orodha ya kantri wiki 13. (Vijana wa gitaa za umeme msichanganye, ule wenu wa jina hilo ulikuja karibu miaka 30 baadaye.) Mwaka wa 1946 akahamia Nashville kushika nafasi ya Roy Acuff kwenye Grand Ole Opry, sehemu ile iliyokuwa ikirushwa nchi nzima kwa udhamini wa tumbaku ya Prince Albert. Alipokwenda alimchukua kijana mmoja mwembamba mwenye haya, mpiga gitaa asiyejulikana. Jina lake Chet Atkins. Wapiga gitaa wa hapa mjini wakilisikia jina hilo huweka vikombe chini.

Mwaka wa 1950 ukaja wimbo wa kijana mng'arisha viatu wa Chattanooga. Ulishika namba moja kwenye orodha ya kantri wiki 13, na ukashika namba moja pia kwenye orodha ya nyimbo za watu wote, jambo ambalo mwimbaji wa kantri hakulizoea wakati huo. Ni wimbo wa furaha, unamsifu kijana kwa jinsi kitambaa chake kinavyopiga mdundo kiatuni. Nikipita Barabara ya Digo na kuwaona vijana wetu na visanduku vyao vya rangi na brashi huukumbuka. Mwimbaji alipata pesa nyingi kwa wimbo ule. Wang'arisha viatu sijui.

Halafu ikaja 1951.

Mwezi wa Machi mwaka huo Foley aliingia studio na kundi la Sunshine Boys akarekodi Peace in the Valley. Mtunzi wa wimbo huo ni Thomas A. Dorsey, yule mjane wa Chicago. Aliuandika mwaka wa 1937. Sauti ya Foley humo haina haraka wala mbwembwe, inatembea kama mtu anayerudi nyumbani jioni na viatu mkononi. Ni miongoni mwa nyimbo za mwanzo za dini kuuza nakala milioni moja, na mwaka wa 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia rekodi hiyo kwenye hazina yake ya sauti za kuhifadhiwa daima. Mimi si wa dini hiyo na maneno ya wimbo si itikadi yangu. Lakini nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri mbele ya ami zangu.

Wimbo wa amani ulikuwa ukipigwa katika kila nyumba. Katika nyumba ya mwenye wimbo, amani haikuwako. Foley alikuwa mlevi, na hilo hakuna aliyemwandika akalificha. Na palikuwa na mwanamke mwingine, mwimbaji Sally Sweet. Mwezi wa Novemba 1951 Eva alijitoa uhai nyumbani kwao Nashville. Mwaka uliofuata Foley alimwoa Sally.

Nimeiandika aya hiyo mara tano. Mara ya kwanza niliandika kuwa mkewe alifariki, nikaendelea na safari. Mara ya pili nikaandika kuwa alifariki kwa huzuni. Kila mara nikimwona yule mama wa ujumbe. Sitaki kumhukumu Foley. Yaliyokuwa ndani ya moyo wa Eva siku ile ayajuaye ni Mwenyezi Mungu, na aliyefika hapo humwombea tu. Ninachokataa ni ule ufundi wetu waandishi wa kumtaja mke kwa mistari miwili, tena ile miwili ya mwisho wake. Amesimama jukwaani miaka, amelea watoto wanne, mmoja si wa tumbo lake, na vitabu vingi vinamkumbuka kwa siku moja.

Baada ya hapo Foley alianza kuporomoka. Alipunguza safari akae na mabinti. Shirley, akiwa na miaka 19, mwishoni mwa 1953 aliolewa na kijana wa shuleni aitwaye Pat Boone, ambaye si muda mrefu baadaye alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Marekani. Kufikia 1954 Foley alikuwa ameiacha Opry. Kule Nashville watu walikuwa wakishaanza kumzungumza kama mtu aliyepita.

Ndipo walipomfuata jamaa wa Springfield, Missouri. Walikuwa ni Ralph Foster, mwenye redio ya KWTO, na mwenzake Si Siman. Hawa walikuwa na wazo ambalo wakubwa wa New York walilionea kicheko: kuweka muziki wa kantri kwenye runinga ya taifa kila wiki, wenye mastaa wenyewe, na urushwe kutoka mji mdogo wa milima ya Ozark, si New York wala Hollywood. Walihitaji mtu wa kukishika kipindi ambaye Amerika nzima inamjua na kumwamini. Foley alihitaji mahali pa kuanza upya. Akahamia Springfield.

Kipindi kiliitwa Ozark Jubilee, na kilianza kwenye mtandao wa ABC tarehe 22 Januari 1955. Hapo mwanzo palikuwa na kichekesho. Springfield haikuwa na mitambo ya kuirusha picha hadi kwenye mtandao wa taifa. Kwa hiyo miezi ya mwanzo kundi zima, waimbaji, fidla, magauni, vichekesho vyao na kila kitu, lilikuwa likifunga safari ya zaidi ya kilomita 200 hadi mji wa Columbia kwenye stesheni ya chuo kikuu, wanarusha kipindi, wanarudi. Fikiria utoke Mombasa ukaimbe Mtito Andei kila Jumamosi ili watu wa Mombasa wakuone. Mwishoni mwa Aprili mitambo ilifika, na kipindi kikahamia ukumbi wa Jewell katikati ya Springfield.

Nimetazama vipindi vilivyobaki. Filamu zake chache zimeokolewa, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Missouri, kilichoko Springfield penyewe, kimezihifadhi. Nimeketi usiku na simu, bando linaisha, nimetazama. Picha ni nyeusi na nyeupe, na jukwaa limepambwa kama ua wa shamba. Wachezaji wa dansi ya mraba wanazunguka sketi zikifura kama mwavuli. Foley anaingia taratibu, hana fujo, anazungumza na kamera kana kwamba ni jirani aliyekuja kuazima chumvi. Nadhani hapo ndipo penye siri yake. Waongozaji wengi wa runinga hata leo hupiga kelele kama manamba wa matatu. Yeye alipunguza sauti, watu wakasogea.

Ilikuwa desturi ya kipindi kutenga dakika za wimbo wa dini, na Foley hapo alikuwa akisimama kimya kidogo kabla ya kuanza. Sijui alikuwa akimfikiria nani.

Waliopita kwenye jukwaa lile ni wengi mno: Porter Wagoner, ambaye baadaye alikuwa na kipindi chake mwenyewe alikomtambulisha Dolly Parton, Patsy Cline, Johnny Cash, Carl Perkins, Wanda Jackson. Na Jim Reeves wetu, si kama mgeni tu. Katika mwaka wa 1958, kuanzia Mei hadi Julai, aliwahi kuketi kwenye kiti cha Foley mwenyewe kukiongoza kipindi. Laiti mjomba angelijua hilo. Kaseti yake ilikuwa na watu wawili hao wakifuatana na hakujua kuwa walipokezana usukani.

Palikuwa pia na kundi la Philharmonics, vijana weusi wa Springfield walioimba nyimbo za dini kwa sauti nne. Kwa macho ya leo ni jambo dogo. Lakini huo ni mji ambao mwaka wa 1906 umati uliwanyonga watu weusi watatu katika uwanja wa katikati ya mji, na familia nyingi za weusi zikahama zisirudi. Hapo hapo, baada ya miaka 50, watu weusi wanne wamevaa suti wanaimba mbele ya nchi nzima kwenye kipindi cha wakulima weupe. Sisemi dunia iligeuka. Nasema waliimba, na waliokuwa nyumbani waliwaona.

Lakini habari ninayoipenda zaidi ni ya Brenda.

Brenda Mae Tarpley alikuwa mtoto wa familia masikini ya Georgia. Baba yake, fundi wa ujenzi, alikufa kwa ajali ya kazini, na tangu hapo sauti ya mtoto ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuleta mkate mezani. Foley alipofika mji wa Augusta na msafara wa kipindi chake, Brenda alikuwa ameahidiwa dola 30 kuimba kwenye redio ya mji mwingine usiku ule ule. Aliziacha, na kwa nyumba ile dola 30 zilikuwa ni unga wa wiki nyingi. Alikwenda Augusta. Mtangazaji mmoja alimsihi Foley amsikilize japo wimbo mmoja. Foley, bwana mkubwa, angeweza kusema njoo kesho. Akamruhusu apande. Mtoto hajafika miaka 12, mfupi kama gunia la nusu, akafungua mdomo akaimba Jambalaya wa Hank Williams, na Foley akabaki ameduwaa, mguu wake ukipiga mdundo peke yake. Umati haukumruhusu ashuke mpaka ameimba nyimbo tatu zaidi. Muda si mrefu alikuwa Springfield mbele ya kamera, na jina likafupishwa kuwa Brenda Lee.

Ukiingia supamaketi hapa Mombasa mwezi wa Disemba na ukasikia wimbo wa kuzunguka mti wa Krismasi, sauti hiyo ni yake, alirekodi mwaka wa 1958 akiwa na miaka 13. Mwaka wa 2023, akiwa bibi wa miaka 78, wimbo huo ulifika namba moja Marekani. Yote hayo yalipita kwenye mlango mmoja, na mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyekuwa bado ananuka msiba wa nyumba yake. Hapa ndipo ninapochoka na watu wanaotaka mtu awe mwema mtupu au muovu mtupu. Yeye huyu ndiye aliyemsimamisha yatima jukwaani, na Eva alikuwa mke wake huyu huyu.

Kipindi kilibadilishwa jina mara mbili, kikawa Country Music Jubilee kisha Jubilee USA. Mwaka wa 1960 serikali ilimshitaki Foley kwa kukwepa kodi ya mapato. Kesi ya kwanza baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana. Ya pili, Aprili 1961, wakamwona hana hatia. Lakini wadhamini hawangoji hukumu. Na ABC nao walikuwa wakitaka Jumamosi ile kwa ajili ya mapambano ya ndondi, ambayo yaliwavutia wanaume na wembe wa Gillette. Tarehe 24 Septemba 1960 Jubilee ilirushwa mara ya mwisho. Ukumbi wa Jewell ulibomolewa mwaka uliofuata.

Miaka iliyobaki ya Foley naipita upesi, kwa kuwa yeye mwenyewe ni kama aliipita upesi. Aliigiza katika vichekesho vya runinga pamoja na Fess Parker mwaka wa 1962 na 1963, akarudi Nashville, akaendelea na safari za majukwaa. Mwaka wa 1967 waliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri watu wanne, na miongoni mwao Red Foley na Jim Reeves, mwaka mmoja, kama kwenye kaseti ya mjomba. Reeves hakuwepo kupokea. Alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege tangu Julai 1964.

Tarehe 19 Septemba 1968 Foley alikuwa Fort Wayne, Indiana, katika msafara wa Opry. Aliimba maonyesho mawili siku hiyo. Katika msafara alikuwemo Hank Williams Jr., kijana wa miaka 19, mtoto wa yule Hank aliyekufa kwa pombe na vidonge akiwa na miaka 29. Usiku ule Foley aliingia kulala na hakuamka. Alikuwa na miaka 58. Kijana yule baadaye alitoa wimbo kuhusu usiku huo.

Nilipomaliza kuyakusanya haya nilikwenda kwa mkaza mjomba, mjane wa mjomba wangu, ambaye sasa macho hayaoni vizuri lakini masikio hayana shida. Nilichukua kashata na simu. Nilimpigia wimbo wa mbwa, akatikisa kichwa. Kumbe miaka yote ile hakuupenda. Alisema mjomba alikuwa akiupiga usiku akirudi kwenye harusi za watu, saa nane, saa tisa, naye ana mtoto mgonjwa mgongoni. Sikuwahi kujua. Nilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, nimelala.

Nikamsimulia habari ya Eva, nikafupisha mwisho wake. Alisikiliza mpaka nikanyamaza, kisha akataka kujua kama yule mwanamke naye sauti yake imebaki. Nikamwambia imebaki kwenye santuri chache. Nikatafuta. Nikampata akiwa na dada zake, wasichana watatu wa 1933, sauti zimesongamana kama nywele za kusukwa, na mchakacho wa sindano juu yake. Mkaza mjomba aliiweka simu sikioni kama anayezungumza na mtu wa mbali. Wimbo ulipokwisha aliniambia niurudie, na nikaurudia mpaka bando likakatika.